Kutoka City Stadium hadi Kasarani: Shabiki wa Gikomba hupimaje uwanja mpya?

SHABIKI wa kandanda anapoingia uwanja mpya kwa mara ya kwanza, macho yake hayatafuti yale yanayotajwa na wakubwa katika hotuba za ufunguzi. Haulizi saruji ilitoka wapi wala taa zimegharimu mamilioni mangapi. Hutazama iwapo goli linaonekana vyema kutoka alipoketi, iwapo kuna paa la kumkinga na jua la saa tisa, na, jambo ambalo wachoraji wa ramani hulisahau mara nyingi, atafikaje nyumbani baada ya kipenga cha mwisho.

Katika mitaa inayolizunguka soko la Gikomba, mashariki mwa jiji la Nairobi, vipimo hivyo vimetumika kwa zaidi ya miaka 40. Ni mitaa iliyojaa wafuasi wa Gor Mahia na AFC Leopards, timu mbili zenye mashabiki wengi zaidi nchini Kenya. Hata hivyo, hadi leo hakuna hata moja kati yake iliyowahi kuwafungulia mashabiki wake lango la uwanja iliyoujenga yenyewe. Kila mara "uwanja wetu mpya" umekuwa wa serikali au wa kaunti, na kila mara shabiki wa Gikomba amelazimika kuupima upya.

Kipimo chake cha kwanza ni City Stadium.

Kutoka Gikomba hadi uwanja huo hakuhitajiki matatu. Mtu hukatiza Shauri Moyo, akatokea soko la Burma linalosifika kwa nyama choma, na mara anaziona kuta za uwanja kwenye mzunguko ambapo barabara ya Jogoo inakutana na ile ya Lusaka. Mchuuzi wa mitumba aliyefungua robota alfajiri, akauza nguo za kamera kwa wateja wa mapema, aliweza kumwachia jirani kibanda saa nane, akatazama mechi, na kurejea kufunga biashara kabla ya giza. Fundi wa jua kali wa Kamukunji naye aliweza kuutua mwundo wake na kufika kabla timu hazijapasha misuli moto.

Ukaribu huo haukutokea kwa bahati. Uwanja ulijengwa enzi ya ukoloni, wakati jiji lilipogawanywa kwa rangi ya ngozi na Waafrika kutengewa makao upande wa mashariki. Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ikafuata Shauri Moyo na Kaloleni, pamoja na Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Uwanja uliowekwa katikati ya mitaa hiyo uliitwa African Stadium, jina lililoeleza waziwazi nani alitarajiwa kuketi humo. Baadaye uliitwa Donholm Road Stadium, kwa jina la barabara iliyopita kando yake. Barabara ilipobadilishwa jina baada ya uhuru na kuitwa Jogoo, uwanja nao ukawa Jogoo Road Stadium, kisha City Stadium. Mwanasoka mashuhuri Joe Kadenge alipofariki mnamo Julai 2019, serikali ya kaunti ilitangaza kwamba uwanja huo utabeba jina lake.

Ni kejeli ya historia kwamba sera ya kuwatenga Waafrika iliwaachia zawadi ambayo mipango ya baadaye haikuwapa tena: uwanja mkubwa unaofikiwa kwa miguu.

Huko ndiko mashabiki wengi wa kizazi cha kwanza cha Gor Mahia na Abaluhya walikojifunza kutazama soka. Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, iliundwa mwaka wa 1964. Gor Mahia ikafuata mwaka wa 1968. Waliokosa nafasi ya kuingia walisikiliza redioni sauti ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, akilitaja jina la Kadenge kila mpira ulipomfikia hadi likawa msemo wa nchi nzima. Lakini wa Shauri Moyo na Kaloleni hakuihitaji redio kujua goli limeingia. Kelele za jukwaani zilimfikia mlangoni mwake.

Kwa sababu hiyo, Nyayo ulipofunguliwa mwaka wa 1983, ulipimwa dhidi ya City. Ulikuwa uwanja wa taifa, mkubwa na wa kisasa zaidi, uliokadiriwa kuchukua watu 30,000 hivi. Kwa upande wa njia, shabiki wa Gikomba hakuwa na lalama kubwa. Barabara ya Lusaka inaanzia palepale City Stadium, inapita kwenye viwanda, na kumfikisha mtembeaji karibu na malango ya Nyayo. Safari ilirefuka, ila bado ilikuwa ya miguu, na kutembea kwa makundi huku watu wakiimba ni sehemu ya mechi yenyewe. Hata miaka ya baadaye mashabiki wa Gor Mahia walikuwa wakikusanyika kwenye sanamu ya Tom Mboya katika barabara ya Moi Avenue, iliyozinduliwa mwaka wa 2011, kabla ya kuteremka uwanjani wakiimba. Mashabiki wa Ingwe nao hawaendi popote bila ngoma za isukuti.

Malalamiko ya Nyayo yalitoka ndani, nayo yanahusu jambo ambalo shabiki hulihisi papo hapo bila kuweza kulieleza kila mara. Uwanja unavutia, viti ni vizuri, lakini mchezo uko mbali.

Sababu yake ni njia ya mbio. Nchi inayojivunia wanariadha wake haiwezi kulaumiwa kwa kuizungushia njia hiyo viwanja vyake vikuu, lakini gharama yake inabebwa na mtazamaji wa soka. Njia ya kawaida ya mita 400 inazingira eneo lenye upana wa mita 73 na urefu wa mita 157 hivi kutoka pindo moja hadi jingine. Uwanja wa kandanda wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukiuweka mstatili huo ndani ya yai, kandokando hubaki nafasi ndogo, lakini nyuma ya kila goli hubaki mita 26 tupu kabla ya kuifikia njia ya kwanza ya wakimbiaji. Ongeza njia nane, kila moja ikiwa na upana wa mita 1.22, na shabiki wa nyuma ya goli yuko mita 35 au zaidi kutoka kwenye wavu. Tena hapo ni safu ya mbele kabisa.

Ndiposa mtu aliyezoea kumsikia kipa akiwafokea mabeki wake huketi kwenye uwanja mpya na kuhisi kana kwamba ameondolewa mchezoni. Sauti yake pia hupungua nguvu. Jukwaa lililo karibu na lenye paa huirudisha kelele ya mashabiki uwanjani. Jukwaa lililo wazi huiachilia ipotee hewani. Sehemu kubwa ya majukwaa ya Nyayo ilikuwa haina paa, na paa lililokuwepo liliwakinga hasa wageni waheshimiwa na waliolipa zaidi. Mwananchi wa tiketi ya kawaida alibaki na kofia yake, na mwezi wa Aprili, mvua za masika zikinyesha, na karatasi ya nailoni.

Kasarani ulifuata mwaka wa 1987, ukijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika iliyoandaliwa Nairobi mwezi Agosti mwaka huo. Kwa ukubwa, Kenya haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho: uwanja uliosemekana kuchukua watu 60,000, pamoja na ukumbi wa ndani na kidimbwi cha kuogelea. Harambee Stars walifika fainali ya soka ya michezo hiyo na kufungwa 1-0 na Misri. Desemba mwaka huohuo, Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuibwaga Espérance ya Tunisia, na hakuna klabu nyingine ya Kenya ambayo imefaulu kushinda taji la bara tangu hapo.

Kwa kumbukumbu hizo mtu angetarajia Kasarani uwe kipenzi cha Eastlands. Uliheshimiwa zaidi ya ulivyopendwa. Uko kando ya barabara ya Thika, kilomita 10 na ushei kutoka katikati ya jiji. Kwa mwenye gari hiyo si kitu. Kwa mpakiaji mizigo wa Gikomba anayelipwa kwa siku, maana yake ni nauli ya kwenda, nauli ya kurudi ambayo hupanda mara umati unapomiminika nje, na nusu siku ya kazi iliyopotea. Kabla hajanunua tiketi, mechi imeshamgharimu. Na mechi ya kawaida ya ligi iliyohudhuriwa na watu 3,000, ambayo City ingeonekana imejaa, katika Kasarani ilionekana kama mkutano ulioahirishwa.

Mambo haya si ya Kenya pekee, na wasomaji wanaoshabikia timu za Uingereza wameyaona kwenye runinga. Arsenal ilihama Highbury mwaka wa 2006 na kuingia Emirates, uwanja wa watu 60,000 ulio umbali wa mita mia chache tu kutoka ule wa zamani. Shabiki hakubadilisha kituo chake cha treni wala baa yake. Lakini hata hapo wengi waliuona uwanja huo mzuri, safi na baridi, na kuanzia mwaka wa 2009 klabu ililazimika kuupamba kwa picha za wachezaji wa kale na alama za Highbury ili watu wajihisi nyumbani.

West Ham ilikuwa na mtihani mgumu zaidi. Mwaka wa 2016 iliuacha uwanja wa Upton Park iliouchezea tangu 1904, ikahamia uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya London ya 2012. Ule ni uwanja wa riadha, na ingawa viti vya chini vilisogezwa kuifunika njia ya mbio, umbali haukufichika. Miezi ya kwanza ilijaa ugomvi: mashabiki waliotaka kusimama walikorofishana na waliotaka kuketi, walinzi hawakuwajua watu wao, na kukazuka fujo majukwaani. Shabiki wa Nairobi aliyewahi kuketi nyuma ya goli la Kasarani hangehitaji maelezo zaidi.

Mfano wa karibuni ni Everton, nao una uhusiano wa moja kwa moja na Nairobi. Tarehe 6 Novemba 2018, Gor Mahia ilicheza Goodison Park mjini Liverpool na kufungwa 4-0. Waliosafiri na timu waliukuta uwanja wa mwaka 1892 uliobanwa na nyumba za watu pande zote, kiasi kwamba mtu angeweza kutoka mlangoni kwake na kuvuka barabara tu kuingia mechini. Kwa maneno mengine, waliukuta City Stadium wa Waingereza. Everton waliuaga uwanja huo kwa timu yao ya wanaume mwezi Mei 2025, na Agosti wakafungua mwingine kando ya Mto Mersey, katika gati la Bramley-Moore, wenye viti zaidi ya 52,000. Ni uwanja wa soka pekee, wenye jukwaa moja la mwinuko mkali linalochukua mashabiki 13,000 nyuma ya goli, na sifa za wengi walioingia mara ya kwanza ziliegemea hapo: mchezo uko karibu na sauti inakaa ndani. Manung'uniko yao yalihusu usafiri, hasa msongamano katika kituo cha treni kilicho karibu. (Gharama nyingine ilikuwa imelipwa mapema: mradi huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya UNESCO kuiondoa Liverpool kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2021.)

Tofauti kubwa kati ya visa hivyo na vya Nairobi ni mamlaka. Shabiki wa Everton au Arsenal anaweza kulalamikia klabu yake, kwa kuwa klabu ndiyo iliyoamua. Shabiki wa Gor Mahia anayetaka kulalamikia umbali wa Kasarani amwendee nani? Nyayo na Kasarani vinasimamiwa na shirika la serikali. City uko chini ya kaunti. Klabu ni mpangaji: hulipia siku ya mechi, huzingatia tarehe inayopewa, na uwanja ukifungwa kwa ukarabati, hufunganya virago na kutafuta kwingine. Mashabiki wa timu hizi mbili wamewafuata wachezaji wao hadi Machakos, Thika na Kisumu kwa mechi zilizoitwa za nyumbani.

La kushangaza zaidi ni kwamba timu zenye viwanja vya kujivunia Nairobi si zile zenye umati. Tusker ina uwanja wake Ruaraka, karibu na kiwanda cha bia. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi, ina uwanja wake Lang'ata. Kenya Police, waliotwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2024/25, wana Police Sacco. Nyuma ya kila moja kuna kampuni au idara yenye ardhi na bajeti. Gor Mahia na Leopards ni za wanachama, nazo hutegemea viingilio vya langoni, wafadhili wanaokuja na kuondoka, na mifuko ya wafuasi. Ng'ambo ya mpaka, jijini Dar es Salaam, hali inafanana: Azam FC, inayomilikiwa na familia ya mfanyabiashara Said Salim Bakhresa, ina uwanja wake Chamazi, huku Simba na Yanga zenye mamilioni ya mashabiki zikicheza mechi zao kubwa kwenye uwanja wa taifa.

Mpangaji hana hata haki ya kulipa jina jumba analoishi. Mwaka wa 2009 kampuni ya Coca-Cola iliingia mkataba wa kuupa Nyayo jina lake, na mpango huo ukasambaratika upesi. Mwaka wa 2013 Kasarani uliitwa Safaricom Stadium kwa mkataba wa aina hiyo. Mashabiki hawakujishughulisha sana. Waliendelea kusema Nyayo na Kasarani, kama vile wazee wa Shauri Moyo wanavyoendelea kusema City bila kukusudia kumvunjia Kadenge heshima.

Lipo jambo la nne ambalo shabiki hulipima, ingawa aghalabu halipimi hadi liwe limechelewa. Ni malango.

Tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards zilikutana Nyayo. Mashabiki waliokuwa nje walisukumana kutaka kuingia, na watu saba wakafariki katika mkanyagano. Tangu siku hiyo, hakuna mzazi wa Eastlands anayemruhusu mwanawe kwenda kwenye debi bila kumuuliza maswali. Uwanja unaweza kuwa na viti vya kutosha na bado ukawa hatari, kwa sababu umati haudhuriki ukiwa umeketi. Hudhurika pale watu wengi wanapoelekezwa kwenye nafasi finyu kwa wakati mmoja: mlango mmoja unapofunguliwa na mwingine kubaki umefungwa, tiketi zinapouzwa palepale zinapokaguliwa, na walio nyuma wanaposukuma bila kujua walio mbele wamekwama. Shabiki mzoefu hulijua hilo na hufika mapema. Lakini kufika mapema kunahitaji muda, na mwenye kibanda Gikomba huuza mpaka dakika ya mwisho.

Ndiyo maana Agosti 2025 ilikuwa na uzito wake. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imefedheheka. Kwa kuwa hakukuwa na uwanja uliokidhi masharti ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, Harambee Stars walicheza mechi zao za "nyumbani" za kufuzu kwa Kombe la Dunia mwezi Juni 2024 jijini Lilongwe, Malawi, na baadaye mwaka huo wakaenda Kampala kwa baadhi ya zile za Kombe la Mataifa ya Afrika. Walirejea Nyayo mnamo Machi 2025 na kufungwa 2-1 na Gabon. Kisha Kasarani, baada ya ukarabati mkubwa, ukaandaa mechi za Kenya katika CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa vijana wengi wa Eastlands huo ulikuwa uwanja mpya hasa, kwani hawakuwahi kuuona ukiwa mzima. Nyasi zilikuwa zulia, na matokeo yalisaidia: Kenya iliichapa DR Congo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaiduwaza Morocco 1-0 na kuilaza Zambia 1-0, kabla ya kung'olewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Majukwaa yalifurika kuliko ilivyoshuhudiwa kwa miaka mingi.

Yalifurika kupita kiasi. Watu walivunja vizuizi na kuingia bila tiketi, ghasia zikatokea malangoni, na CAF ikaingilia kati. Kuanzia mechi dhidi ya Zambia idadi ya mashabiki ilipunguzwa hadi 27,000, na kukaamriwa kwamba tiketi za kielektroniki pekee ndizo zitakazokubaliwa.

Kiusalama, ilikuwa vigumu kuupinga uamuzi huo, kwa nchi iliyozika watu saba mwaka wa 2010. Lakini ulibadilisha nani anaingia. Tiketi ya karatasi ilinunuliwa na yeyote aliyefika mapema na kuwa na noti mkononi. Tiketi ya intaneti hunyakuliwa na mwenye simu nzuri, vifurushi vya data, na nafasi ya kukodolea skrini zinapotolewa. Mtu aliyebeba robota mgongoni saa hiyo, na kabambe mfukoni, hana lake. Waliobaki walitazama katika vibanda vya video, mahali walikozoea kuwatazama Arsenal na Manchester United, huku timu yao ya taifa ikicheza umbali wa safari moja ya matatu.

Hapo ndipo macho yanapoelekea kwenye uwanja wa barabara ya Ngong, ulioanza kwa jina la Talanta na ambao ujenzi wake ulianzishwa Machi 2024 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Umebuniwa kuchukua watu 60,000. Kwa vipimo vya ndani, shabiki ana sababu ya kufurahi. Ni uwanja wa mstatili, usio na njia ya mbio, wenye paa juu ya majukwaa. Kwa mara ya kwanza katika jiji hili, mtazamaji wa uwanja mkubwa atakuwa karibu na wavu, na isukuti italia ndani ya kuta badala ya kupotelea angani.

Kwa vipimo vya nje, uko upande wa pili wa jiji. Kutoka Gikomba ni magari mawili: la kwanza hadi katikati ya mji, la pili kupanda barabara ya Ngong. Mechi ya usiku, ambayo taa mpya zinaifanya iwezekane na ambayo runinga huipenda, ikimalizika saa nne, shabiki wa Majengo au Shauri Moyo atashuka mjini karibu saa tano au sita na kutembea sehemu iliyobaki gizani. Everton walipewa treni na bado wakanung'unika.

Si lazima iwe hivyo. Mabasi maalumu ya siku ya mechi kutoka Muthurwa si jambo la kigeni. Miji mingi hufanya hivyo, na nauli huingizwa katika bei ya tiketi. Vituo vya kuuzia tiketi masokoni, siku kadhaa kabla ya mechi, vingewafikia wasio na simu za kisasa bila kuleta msongamano malangoni. Na ligi yenyewe, ambayo haiwezi kujaza viti 60,000 kila Jumapili, inahitaji viwanja vya ukubwa wa kadiri vilivyo karibu na watu. Dandora umekwisha kuandaa mechi za ligi kuu. Camp Toyoyo wa Jericho, wenye nyasi bandia, huchezewa karibu kila siku.

City Stadium wenyewe umekuwa na bahati mbaya. Uliwekewa nyasi bandia zilizochakaa, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya karibuni haukuwa ukiandaa mechi kubwa. Goodison Park nao ulikusudiwa kubomolewa baada ya Everton kuhama, kabla ya klabu kubadilisha nia na kuukabidhi kwa timu yake ya wanawake, inayoutumia tangu Septemba 2025. Jogoo Road hakujatolewa uamuzi wa namna hiyo. Jumamosi alasiri jezi za kijani na za buluu na nyeupe bado zinauzwa Gikomba, zimetundikwa juu ya mirundo ya mitumba, na wanaozinunua huuliza kwanza mechi ya kesho itachezewa wapi.